Mwaka wa Mtori Mzito

Mwezi uliopita tulimzika Shangazi Felista, dada mkubwa wa baba yangu, kwenye kihamba chake, shamba la migomba la ukoo, kule Kibosho. Mjukuu wake mmoja aliyetoka Dar na miwani ya jua alishika kipaza sauti akasoma wasifu wa marehemu. Nilikuwa nimekaa chini ya turubai, safu ya pili, nimejifunga khanga kiunoni kama wanawake wengine wa ukoo. Kijana akafika kwenye mistari hii: kwamba bibi, kaka yake alipotolewa koo hospitalini, alimchukua nyumbani kwake, akamlisha kwa mkono wake mwenyewe, akamrudisha kutoka mlangoni mwa kaburi. Nyuma yangu wanawake wakaguna kwa kukubali. "Kweli kabisa," mmoja akasema, "yule mama alikuwa na roho." Nina miaka arobaini na sita, ni mwalimu mkuu, nimezoea kukaa kimya kwenye vikao ambavyo watu wanadanganyana kwa adabu. Lakini siku ile nilitaka kumnyang'anya yule kijana kipaza sauti. Mwaka anaousema nilikuwepo, na nilikuwepo jikoni. Najua baba yangu alilishwa nini, na najua alivyokaribia kufa njaa mbele ya sufuria iliyojaa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nasubiri kwenda chuo cha ualimu. Baba aliugua saratani ya koo, akapasuliwa pale Moshi mjini, wakamtoa kisanduku cha sauti chote. Chini ya shingo likaachwa tundu, ukubwa wa kitufe cha koti, na tangu siku hiyo akawa anapumulia hapo. Pua ikabaki ya sura tu. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akiendesha mnada wa mavuno nje ya kanisa kila Jumapili, mtu aliyeweza kuuza mkungu wa ndizi kwa bei ya mbuzi kwa utani wake, watu wakicheka huku wanatoa hela. Sasa akifungua mdomo hakutoki kitu. Baada ya upasuaji alipelekwa Dar kuchomwa mionzi, akarudi Kwaresima imeanza, amekonda, shingo imekauka na kuwa nyeusi. Mama alikuwa ameshafariki, na mimi peke yangu kwenye chumba chetu cha Njoro, pale mjini, nisingeweza. Shangazi akaja na gari la kukodi, akafunga godoro, akafunga na mimi, tukapanda Kibosho. Hospitali ilikuwa imetupatia karatasi ya maelekezo. Shangazi aliniambia niisome kwa sauti, nikaisoma mpaka nikafika paliposema mgonjwa apewe chakula laini. Akanikatisha hapo hapo. "Laini? Basi ni mtori. Hilo nalo la kuandikiwa karatasi?"

Mtori, kwa asiyetoka kwetu, ni ndizi zilizochemshwa pamoja na nyama zikapondwa mpaka ziwe supu. Ni chakula cha mama aliyejifungua, cha mgonjwa, cha mgeni wa heshima. Na heshima yake iko kwenye uzito. Mtori mwepesi ni maneno: unasema ndizi zako zimeisha, au nyama umeificha, au unayemlisha humpendi. Shangazi alikuwa na migomba iliyosimama hadi mlangoni, na asingekubali kaka yake apewe kitu kinachotiririka kwenye kijiko. Aliuponda kwa mikono miwili, jasho likimchuruzika, mpaka mwiko ukasimama wenyewe katikati ya sufuria. Hapo ndipo aliporidhika. "Huu unajenga mwili," alisema. Siku hizi watu wana msemo wao, kunywa mtori nyama utazikuta chini, wakimaanisha vumilia, mazuri yako mbele. Nikiusikia redioni nazima redio.

Kuna jambo ambalo hatukuelezwa, au tulielezwa tukasikia nusu. Mtu anayepumulia shingoni hawezi kupuliza. Pumzi haipiti mdomoni, kwa hiyo hawezi kupuliza uji wala kufyonza chai ya moto kama tunavyofanya sisi. Chakula kikiwa cha moto inambidi asubiri kipoe, na mtori ukipoa unaganda. Basi kila mchana ilikuwa vile vile. Baba anakaa sebuleni, kwenye kiti cha mbao chini ya kalenda ya parokia, vitambaa vya kufuma kila mahali, harufu ya maziwa na moshi wa kuni ikiingia kutoka jikoni, ingawa yeye na harufu walikuwa wameshaachana. Bakuli liko mbele yake linafuka. Anasubiri. Shangazi anamsimamia. "Kaka! Unauangalia tu? Chakula kinapoa!" Alikuwa akimpigia kelele kama kiziwi. Wote walimpigia kelele, ukoo mzima, kana kwamba waliomtoa sauti walimtoa na masikio. Ukishapoa, umeshaganda, baba anachukua kijiko cha kwanza. Anameza. Anainamisha kichwa, anageuza shingo kushoto, anameza tena. Machozi yanamtoka. Kijiko cha pili kinarudi na kutokea puani. Shangazi anafuta meza, kisha jikoni nasikia anamwambia jirani: "Amekata tamaa huyu. Au ni kiburi. Mtu aliyezoea kusikilizwa na kanisa zima, leo analishwa na mwanamke, unafikiri atakubali?"

Baba alikuwa na kauntabuku ya jalada jeusi na kalamu aliyoifunga kwa uzi. Shangazi hakujua kusoma, kwa hiyo lolote aliloandika baba lilipita kwangu. Wiki ya pili aliandika: *Mwambie dada aupunguze uzito. Unakwama.* Akapiga mstari chini ya neno la mwisho, akanionyesha kwa kidole mahali penyewe, juu kidogo ya tundu. Nikainua macho. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Alikuwa ameamka alfajiri, amekamua, amekata majani ya ng'ombe, amemenya ndizi mpaka vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu.

"Anasemaje?" akaniuliza.

"Anashukuru, shangazi," nikasema.

Baba akanitazama. Hakuwa na sauti ya kunikanusha. Nami nitasema ukweli wangu hapa, kwa kuwa hakuna atakayenisomea wasifu wa kweli: niliogopa. Kwetu msichana hamwambii shangazi yake kwamba chakula chake hakimezeki. Shangazi ndiye mwenye neno siku ya mahari yako na siku ya msiba wako, na tulikuwa kwenye nyumba yake, tunakula ndizi zake. Nikafunika kombe mwanaharamu apite, nikajiambia kesho nitatafuta namna nzuri ya kulisema. Kesho yake baba akaandika tena, nami nikasema tena kwamba anashukuru. Siku nyingine niliongeza chumvi: anasema Mungu akubariki, anasema hajawahi kula mtori kama huu. Shangazi aliyasikia hayo akaongeza ndizi.

Wageni walikuwa wengi, kwa sababu mgonjwa wa aina ile hakuwahi kuonekana upande ule. Walikuja na maparachichi, na sukari, na macho. Wengine walikaa mpaka saa ya kula makusudi, na nilijua wanasubiri nini. Walitaka kuona kama chakula kitatokea pale shingoni. Mama mmoja wa jumuiya yetu alisogeza kiti chake kabisa ili aone vizuri, rozari imemning'inia mkononi. Baba akaweka kijiko chini, akavuta kitambaa chake cha shingo, akakaa hivyo mpaka mama yule akachoka akaaga. Ile siku hakula kabisa. Watoto wa jirani ndio walioniuma zaidi. Mwanzoni walipita wakimwamkia, "Shikamoo, babu," naye alikuwa anainamisha kichwa na kuinua mkono, maana marahaba haikutoka. Mtoto asiyeitikiwa hudhani amekosea. Kufika mwezi wa sita wakawa wanapita kimya, wanamwamkia shangazi aliye mbali jikoni na kumruka baba aliyekaa barazani. Niliwahi kumfukuza mmoja kwa fagio. Hakuwa na kosa lolote, mtoto wa watu.

Mwezi wa nane kulikuwa na sherehe ya kipaimara ya mtoto wa Gaudensi, baba yangu mdogo. Alichinjwa mbuzi. Kwetu nyama ina wenyewe: kila fungu lina jina la mtu, na fungu la mkubwa wa ukoo linakatwa kwanza na kupelekwa alipo kabla mwingine hajatia kitu mdomoni. Vivyo hivyo mbege, pombe yetu ya ndizi, kibuyu kinaanza kwake. Baba alikuwa amevaa koti lake la mnada, limemwelea mabegani, amekaa mahali pake. Gaudensi akakata lile fungu, akalishika kidogo hewani, akasema, "Kaka hali nyama tena. Lisije likaharibika." Akalipeleka kwenye sahani yake. Kibuyu kikapita mbele ya baba bila kusimama, kikaanzia kwa Gaudensi. Hakuna aliyepinga, wala mapadri wawili waliokuwa meza kuu wala shangazi. Shangazi alimletea baba bakuli lake la mtori kutoka nyumbani, limefunikwa sahani, akaliweka mbele yake kwa upendo wake wote. Kula mbele ya watu wale wote, chakula kikimtoka puani na machozi machoni, asingeweza. Akaandika kwenye kauntabuku, akaigeuzia kwangu: *Nina njaa.* Nikaisoma. Shangazi akaniuliza anasemaje. Nikasema anasema ameshiba. Hilo ndilo siwezi kulisamehe, na simwambii mtu kwamba naweza.

Wiki iliyofuata nilirudi kutoka kisimani kabla ya wakati, nikapitia nyuma ya banda la ng'ombe, nikamkuta. Alikuwa amesimama kwenye migomba na bakuli lake. Shangazi alikuwa sokoni. Alikuwa amemimina maji ya ndoo ya ng'ombe ndani ya mtori na anaukoroga kwa kidole. Alikunywa funda dogo, akainua kidevu, akageuza shingo kushoto, kisha akabonyeza kooni kwa vidole viwili akiteremsha kutoka nje, kama mtu anayekamua chuchu. Akasubiri. Akabonyeza tena. Likapita. Akafunga macho. Funda la pili likapita, la tatu likarudi lote, akainama akatapika kwenye shina la mgomba, halafu akajifuta, akaanza upya. Mtu aliyekata tamaa hafanyi hivyo. Mtu mwenye kiburi hanywi maji ya ng'ombe. Nilikaa nyuma ya ukuta wa banda nikalia kwa hasira, hasira dhidi ya shangazi, dhidi ya Gaudensi, dhidi ya mama wa rozari, nikaiacha ile ya mwisho, dhidi yangu mwenyewe, ambayo sikutaka kuigusa.

Kesho yake asubuhi nilimpeleka Moshi. Shangazi alikataa. "Wamkate nini tena? Kimebaki nini? Apate nguvu kwanza ndipo aende." Nikambeba hivyo hivyo, kwenye pikipiki ya kukodi, yeye katikati na mimi nyuma nimemshika, kitambaa kimefunika tundu kwa ajili ya vumbi. Nesi wa kliniki alikuwa mwanamke mfupi wa makamo asiyecheka. Alimpa maji kwenye kikombe akamtazama akimeza, akampa uji mwepesi, akamtazama tena, akamwita daktari. Wakampiga picha akiwa anameza dawa nyeupe. Jibu lilikuwa jepesi mpaka likanitia wazimu. Njia ya chakula ilikuwa imesinyaa pale iliposhonwa na kuchomwa mionzi. Sehemu moja ilibaki nyembamba sana, ya kupitisha maji na vitu vyepesi, na chochote kizito kinachonata kilisimama hapo. Watampanua, daktari akasema, kwa kupitisha mpira mwembamba, siku nyingine mnene zaidi, mpaka pafunguke. Si kisu. Wanafanya kila wiki.

"Mmekuwa mkimpa nini?" nesi akaniuliza.

"Mtori."

"Mzito?"

"Mzito."

Akapumua. "Yeye hakuwaambia kwamba unakwama?"

"Hawezi kuongea, sista."

"Sikuuliza kama anaongea."

Baba alikuwa amekaa pale kitandani, kauntabuku iko magotini. Angeweza kuifungua. Kurasa zote zilikuwa humo, tangu Kwaresima, neno lile lile lenye mstari chini. Aliweka kiganja chake juu ya jalada, akalifunika, akamtazama nesi kama mtu asiyejua kinachosemwa. Alinisitiri. Nimeshawahi kutukanwa na kupigwa katika maisha yangu, lakini hakuna kilichoniumiza kama ule mkono.

Walimpanua mara tatu kabla ya Krismasi. Shangazi nilimwambia kwamba daktari ameagiza nimpikie mimi, kwa vipimo, na huo nao ulikuwa uongo, ila akaukubali kwa kununa. Nikapika mtori mwepesi nyuma ya nyumba, kwenye jiko la mkaa, ili majirani wasiuone. Baba akaanza kula. Kila kijiko kwa funda la maji, shingo kushoto, taratibu, saa nzima kwa bakuli moja, lakini likaisha. Mashavu yakarudi. Watu wataniuliza kwa nini basi sikusimama msibani nikasema haya yote, nikamkatisha yule kijana mwenye miwani. Sikusimama kwa sababu nilishasimama mara moja, na nitaeleza ilivyokuwa.

Krismasi ukoo wote hupanda mlimani. Walikuja wa Dar, wa Arusha, magari yamepangana hadi barabarani, mbuzi wawili wamechinjwa. Baba hakusubiri Gaudensi akate. Alinyanyuka mwenyewe, akaenda penye majani ya migomba yaliyotandikwa nyama, akaweka kidole juu ya fungu lake. Gaudensi akatazama huku na huku, akalikata akampa. Nikampelekea sahani na glasi ya maji. Akakata kipande kidogo kama ukucha, akakitia mdomoni, akatafuna. Alitafuna mpaka watu wakanyamaza. Akanywa maji, akageuza shingo, akameza. Tukasubiri. Kikapita. Akafungua mdomo kuonyesha hamna kitu, kama mtoto, na ule mwili wote ukatikisika kwa kicheko kisicho na sauti. Watu wakapiga makofi, wengine wakalia, na Gaudensi mwenyewe akaleta kibuyu.

Shangazi akasimama katikati, mikono kiunoni, amefurahi kweli. "Mnaona?" akasema. "Si nilisema? Akiamua kula, atakula! Mwaka mzima alikuwa anaturingia tu huyu!"

Wakacheka wote. Nikamwona baba akiacha kucheka.

"Hakuwa anaringa, shangazi," nikasema, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka. "Alikuwa anakufa njaa. Mtori wako ulikuwa unamkwama. Kila siku alikuomba uupunguze uzito. Kila siku! Alikunywa maji ya ng'ombe nyuma ya banda lako ili aweze kuumeza, na wewe ukamwita mwenye kiburi mbele ya majirani."

Mahali petu msichana hasemi hivyo na shangazi yake, siku yoyote, sembuse Krismasi. Shangazi hakukasirika. Alikunja uso kama anayejaribu kukumbuka kitu.

"Aliniomba?" akauliza. "Aliniomba vipi, Rozi?"

"Aliandika."

"Na nani alikuwa ananisomea?"

Ukoo mzima ulikuwa unanitazama, na baba akaniwekea mkono mgongoni, nikautoa.

"Uliniambia anashukuru," shangazi akasema. Akatazama vidole vyake, ule weusi wa utomvu ambao haukuwahi kumtoka. "Mwanangu, si ungeniambia tu. Ningeongeza maji."

Akageuka akaingia jikoni kuwaangalia wapishi, akaniacha pale na hasira yangu yote, na hakuna hata mmoja wa kumpa.